Jibu: Hakula

Nilimlipiza kisasi msimamizi wangu kwa karatasi moja, mbele ya watu wapatao arobaini, na raha niliyoipata siku ile sijaipata tena. Nalisema hili mapema asije mtu akasoma hadi katikati akidhani mimi ni binti mpole niliyejifunza kusamehe. Sikusamehe. Hata leo nikikumbuka jasho lilivyomlowesha kola yake nyeupe, nacheka peke yangu jikoni.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya lishe. Chuo kilitutawanya fildi, mafunzo ya vitendo, kila mtu na mkoa wake, mimi nikaangukia Katavi. Mimi ni Mhaya, nimekulia Kagera kwenye migomba, na Mpanda nilikuwa naisikia tu kwenye utabiri wa hali ya hewa. Nikapanga chumba Shanwe, nyuma ya duka la mama mmoja wa Kiislamu aliyeuza maharage, sukari na mafuta ya kupikia. Kila asubuhi gari la mradi lilinipitia pale kwenda Mwamkulu, pembezoni mwa mji.

Mradi ulitaka kujua watoto wa wenyeji wa kule wanakula nini. Si wale waliohamia na ng'ombe zao na kufungua majaruba ya mpunga, bali familia za Wabende zilizolima ile ardhi kabla mji haujawa mji. Kwenye makaratasi ya mradi waliitwa "jamii ya asili". Wenyewe, ukiwauliza, walisema wao ni watu wa hapa, basi.

Msimamizi wangu alikuwa mtu wa makamo, kitambi cha wastani, shati la kola nyeupe hata kwenye tope. Kazi aliijua, hilo silikatai. Ila alikuwa na ugonjwa wa kumsahihisha mtu mbele za watu. Nikimpima mtoto mkono, ananipokonya utepe, anapima upya mama wa mtoto akiangalia, anapata kipimo kile kile, halafu ananirudishia utepe kama vile ameokoa maisha. Aliniita Binti Ndizi. Akipita dirishani pangu asubuhi anapiga honi na kusema huku si Kagera, huku watu wanakula chakula. Alimaanisha ugali. Hilo neno ndilo lililokuja kumponza, na mimi nilikuwa nalimeza kila siku bila kujua kwamba ameniwekea silaha mkononi.

Kazi yangu ilikuwa dodoso la saa ishirini na nne. Unakaa na mama au mlezi, unamuuliza mtoto alikula nini jana tangu kuamka hadi kulala, unaandika. Ukurasa wa pili unapima mkono wa mtoto kwa utepe wenye rangi tatu: kijani yuko salama, njano wa kuangaliwa, nyekundu apelekwe hospitali haraka. Maelekezo yalikuwa makali. Soma swali kama lilivyoandikwa, andika jibu kama lilivyosemwa, usimwongoze mhojiwa hata kidogo. Msimamizi alitukaririsha hayo kama sala.

Ilikuwa mwishoni mwa mvua. Mahindi yalikuwa bado mabichi shambani, viazi vitamu vimeanza kuchimbwa, karanga zinang'olewa, na maboga yamelala kila mahali. Unga wa mwaka uliopita ndio ulikuwa umekwisha karibu kila nyumba. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu mawili, nikayapita.

Nyumba ya nane kwenye orodha yangu ilikuwa ya bibi mmoja karibu na kisima. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito, na alipokukaribisha alianza kukutazama viatu kabla ya uso. Alikuwa anamlea mjukuu wa kike wa miaka minne. Baba wa mtoto alikuwa amefariki. Mama yake, binti wa bibi, alikuwa Ikola ziwani anaanika dagaa, na kila alipopata mtu wa kumtuma alituma mfuko wa dagaa nyumbani. Bibi alijua kwamba nakuja, maana mwenyekiti wa mtaa alikuwa amepitisha tangazo siku tatu kabla: wageni wa mradi watazunguka, muwapokee vizuri.

Nilipotoa karatasi zangu aliniambia nizirudishe mkobani kwanza. Mtu hahojiwi na mgeni mwenye njaa, alisema. Akaingia jikoni, akasonga ugali, na baada ya muda akaniletea sahani: ugali wa ngumi moja, mlenda wa karanga na dagaa wa Ikola. Nilikula peke yangu kwenye kigoda, nikamaliza mpaka sahani ikang'aa, maana kwetu kubakiza ni kumdharau mpishi. Mtoto alisimama mlangoni akiniangalia. Bibi akamchomolea kiazi kwenye sufuria, mtoto akatulia.

Kisha nikauliza swali langu kama lilivyoandikwa. Jana, tangu alipoamka hadi alipolala, mtoto alikula chakula gani?

"Jana hakula," bibi alisema.

Nikamuuliza kama hakula kabisa. Akasema hakula, na yeye mwenyewe hakula, hata juzi hawakula, unga hakuna. Alilisema bila huzuni, kama mtu anayekuambia kwamba jana haikunyesha. Na mimi, mwanafunzi bora wa usaili kwa mujibu wa mwalimu wangu, nikaandika kwa herufi kubwa: HAKULA. Mtoto alikuwa amekaa miguuni pangu anatafuna kiazi, mashavu yamejaa, na makombo yakaangukia kiatu changu. Niliyapangusa nikaendelea kuandika. Kwenye ukurasa wa pili nilimpima mkono, utepe ukasoma kijani, nikaandika kijani. Sikujiuliza kitu. Niliaga, nikashukuru kwa chakula, nikaenda nyumba ya tisa.

Jioni msimamizi alipitia madodoso yangu ndani ya gari. Akafika kwenye lile, akaacha kupekua. Akalisoma mara mbili na kusema hii ndiyo kesi. Wageni kutoka makao makuu ya mradi walikuwa wanakuja baada ya wiki tatu, na yeye alihitaji kisa cha kuwaonyesha, kisa chenye sura ya mtu. Bibi mzee, mtoto yatima wa baba, mama hayupo, siku mbili bila kula. Nilimwambia ukurasa wa pili unasema kijani. Akasema mkono wa mtoto huchelewa kusema, mdomo husema mapema. Sikujua kama ni sayansi au ni kitu alichokitunga hapo hapo, nikanyamaza. Ukimya wangu ule umo kwenye hesabu ya makosa yangu.

Siku iliyofuata kulikuwa na kikao kwenye ofisi ya mtaa. Msimamizi alisimama, akatoa ukurasa wa kwanza tu, akasoma. Jina hakutaja, maana utaratibu unakataza, lakini akasema bibi anayeishi karibu na kisima, mwenye mjukuu mmoja wa kike, mama wa mtoto yuko Ikola. Angetaja jina ingekuwa nafuu. Vichwa vyote viligeuka kwenye benchi la nyuma alipokaa bibi. Akasoma: jana hakula, juzi hakula. Akasema mlezi ameshindwa, na kwamba anaandaa barua ya kupendekeza mtoto ahamishiwe kwa ndugu wa upande wa baba wenye uwezo.

Ndugu huyo alikuwepo. Alikuwa shangazi wa mtoto, dada wa marehemu, mwanamke wa mjini mwenye kitenge kipya, ambaye tangu msiba alikuwa anamtaka yule mtoto akisema ni damu ya kaka yake. Bibi alikuwa amemkatalia mara zote. Sasa shangazi alisimama, akafuta macho, akasema yeye alikuwa analisema hili tangu zamani ila hakuna aliyemsikiliza. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa mtu wa karatasi pia. Akasema barua ikifika mezani kwake ataitolea uamuzi siku ya kikao cha mrejesho, wageni wakiwepo. Wiki tatu.

Bibi alisimama taratibu. Nilidhani atalia au atatukana. Aliuliza swali moja tu.

"Aliyeandika yuko wapi?"

Nikatazama viatu vyangu. Alinisubiri niinue uso, sikuinua, akatoka nje.

Tulipokuwa tunarudi mjini msimamizi alisimamisha gari barabarani, akanunua mahindi ya kuchoma matatu. La kwanza alilimaliza kabla hatujafika kona. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona kwa mama ntilie akinywa supu na chapati mbili, saa nne akatafuna mihogo ya kukaanga, na mchana alipata chipsi mayai pale stendi. Akauma hindi la pili, akapiga mwayo, akajishika tumbo.

"Unajua tangu jana sijala," alisema. "Nashindia hivi vitu vitu tu."

Nilimwangalia mdomo ukisaga mahindi, mdomo ule ule uliotoka kumvua nguo mwanamke mzima mbele ya majirani zake, na nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Hajala, maana yake hajaona ugali. Bibi hakusema mtoto ameshinda njaa. Alisema nyumbani kwake unga umekwisha.

Na aibu yangu haikuishia hapo, kwa sababu hili jambo nilizaliwa nalo. Kwetu Kagera mtu anaweza kula wali sahani mbili na nyama juu, na kama hakuona ndizi analala akinung'unika kwamba hakula. Mama yangu akirudi harusini tumbo limejaa pilau hufika akapasha ndizi, anasema huko hatukula. Nimelisikia tangu nikiwa mtoto mgongoni. Kwa mama yangu nililielewa bila kufundishwa. Kwa bibi wa Mwamkulu nikaliandika kwa herufi kubwa, kwa sababu yeye alikuwa mhojiwa.

Nilimweleza msimamizi palepale ndani ya gari. Nilimwambia tumekosea, swali lenyewe ni bovu, tukirudi kwa bibi tukauliza mtoto alitia nini mdomoni tutapata viazi, karanga, boga na dagaa, tena mlo mzuri kuliko wetu. Akanisikiliza hadi mwisho akitafuna. Alinielewa, nina hakika na hilo, maana aliacha kutafuna kidogo. Kisha akasema wageni wameshapelekewa muhtasari wa kisa kile, na karatasi ina maandishi yangu si yake.

"Ulichoandika umeandika," alisema. "Ukitaka kukibadilisha, nami nitaandika kwamba unapika takwimu. Utafeli, Binti Ndizi, utarudi kwenu kulima migomba."

Akatupa gunzi dirishani. Nilimchukia kwa utulivu ambao sikujua kama ninao. Nilipofika Shanwe mama mwenye duka aliniuliza mbona nimenuna, nikamwambia nimeumwa na mdudu.

Kesho yake nilimfuata msimamizi kwa sauti ya upole, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia nahisi usaili wangu una kasoro, naomba nimhoji yeye kama mazoezi ili anisahihishe. Hakuna kitu mtu yule alipenda kuliko kuombwa asahihishe. Akajiegemeza kwenye kiti, akakunja nne. Nikasoma swali kama lilivyoandikwa: jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala, ulikula chakula gani?

"Jana? Jana sikula kabisa, binti. Kazi hizi zinatumaliza."

Nikauliza juzi. Akasema juzi nayo hivyo hivyo, tangu Jumapili hajakaa chini akala. Niliandika neno kwa neno, umri wake, kazi yake, jinsia. Akanisahihisha namna ninavyoshika kalamu. Mwishoni nilichanganya karatasi ile na madodoso mengine kumi na manne ya siku ile, nikampa asaini kama alivyosaini siku zote, chini kabisa pa kila karatasi, bila kusoma, huku anaongea na simu. Sahihi yake ilikuwa kubwa, yenye mkia mrefu. Niliiangalia ile karatasi usiku na mchana kwa wiki tatu kama msichana mwingine anavyoangalia picha ya mchumba.

Nakiri kwamba ningeweza kufanya kwa njia nyingine. Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti peke yangu, nikamweleza polepole, akaelewa, barua ikafa kimyakimya. Njia hiyo niliiona vizuri sana na sikuitaka. Bibi alivuliwa nguo hadharani, na mimi nilitaka hadhara ile ile, mabenchi yale yale, na kola ile nyeupe mstari wa mbele.

Siku ya mrejesho ofisi ya mtaa ilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Wageni walikuwa wawili, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani na kijana wa kompyuta. Shangazi alikuwa mbele na kitenge kingine kipya. Bibi alikaa nyuma kabisa, mjukuu magotini. Barua ilikuwa juu ya meza ya mwenyekiti imewekewa jiwe isipeperuke. Utaratibu ulitaka mwanafunzi ndiye asome matokeo, msimamizi afafanue.

Nilisoma mambo ya kawaida kwanza, wangapi wanapata matunda, wangapi wanapata mboga za majani. Msimamizi akaitikia kwa kichwa. Kisha nikasema tuna kaya mbili zilizotushtua. Kaya ya kwanza, mtoto wa miaka minne, jana hakula, juzi hakula. Wengine wakamtazama bibi. Nikasema kaya ya pili ni mbaya zaidi. Mwanamume, miaka arobaini na minane, ana ajira, jana hakula, juzi hakula, hajala tangu Jumapili.

Kina mama wakaguna kwa huruma. Mmoja akauliza kama huyo baba ana mke au anaishi peke yake. Nikamjibu kwamba ana mke na gari. Pale msimamizi aligeuza shingo kunitazama, na nikaona kwamba ameanza kuelewa, na nikapunguza mwendo wa kusoma kusudi.

"Kwa utaratibu uliotumika kwa kaya ya kwanza," nilisema, "napendekeza huyu naye aondolewe anapoishi, apelekwe kwa shangazi yake."

Kicheko kilianza kwa kina mama wa nyuma. Msimamizi akasimama akasema kaya hiyo haimo kwenye orodha. Nikainua karatasi juu, nikaigeuza, nikasema imo, na ina sahihi. Mama mwenye miwani akanyoosha mkono, akaichukua, akaitazama sahihi yenye mkia, akamtazama mwenye sahihi. Akaniuliza nieleze.

Nikaeleza. Nikataja supu, chapati mbili, mihogo ya kukaanga, chipsi mayai, mahindi ya kuchoma matatu, kimoja baada ya kingine, na kila nilipotaja kimoja nilisema "hakula", na ukumbi ukaanza kuitikia pamoja nami. Jasho lilimshuka nyuma ya masikio likaingia kwenye kola. Nililitazama likiingia. Halafu nikawageukia kina mama nikauliza, nyie, jana nani amekula? Ilinyooka mikono miwili tu. Nikauliza, jana nani ametia kitu mdomoni? Ikanyooka yote, na mwanamke mmoja akamshika shangazi mkono akauinua kwa nguvu, akasema huyu naye mara ya kwanza hakunyoosha, naye anyang'anywe watoto wake. Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje kupumua.

Mama mwenye miwani aliomba ukurasa wa pili wa dodoso la bibi. Nilikuwa nao mfukoni. Akasoma kijani, akamwita mtoto, akampima mwenyewe, kijani. Mwenyekiti akaondoa jiwe, akaichukua barua, akaikunja mara nne akaitia mfukoni, akasema mtoto anabaki kwa bibi yake na hataki kuisikia tena habari hiyo. Shangazi aliondoka bila kuaga.

Msimamizi hakufafanua matokeo siku ile. Mwezi uliobaki alinisalimia kwa kichwa tu. Aliniandikia alama ya chini kabisa isiyofelisha, na kwenye maoni akaandika sina nidhamu. Mwamkulu nzima ikaanza kumwita Bwana Hajala. Watoto wakiliona gari lake walikimbilia barabarani kumuuliza kama amekula. Sikuwatuma, lakini sikuwakataza pia, na nilikuwa nakaa kiti cha nyuma ili niisikie vizuri.

Kitu kimoja tu kiliniwasha. Nilipowauliza kina mama wanyooshe mikono, niliangalia nyuma. Bibi hakunyoosha mara ya kwanza wala ya pili. Mikono yake ilikaa juu ya magoti ya mjukuu wake mpaka mwisho.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa, siwezi kusema uongo. Nilikuwa nimeshatunga hata maneno ya kukataa shukrani kwa adabu. Mahindi yalikuwa yamekauka, watu wamevuna, mashine ya kusaga inaunguruma tangu asubuhi, na pale kizingitini kwa bibi ilikaa ndoo ya unga mpya, imejaa hadi mdomoni, mfuniko pembeni. Nikaiona. Alitaka niione.

Akanikaribisha kwenye kigoda kile kile. Akaingia jikoni, akakaa muda, akatoka na sinia ambalo sijaona mfano wake. Viazi vya kuchemsha, boga, karanga mbichi za kuchemsha na maganda yake, mahindi, mihogo, dagaa waliokaangwa na nyanya. Akaliweka mbele yangu. Ugali haukuwepo. Nikangoja kidogo, kwa ujinga, nikidhani unakuja.

"Unga upo," bibi alisema. "Ule pale. Ila wewe sikupikii."

Nikasema, bibi, nilirekebisha, barua imekufa, mtoto yupo. Akasema anajua, alikuwepo, alisikia watu wanavyocheka. Akaniuliza nani kati yao alikuwa anacheka kwa ajili yake. Alisema mimi nilimcheka yule mwanamume, watu wakacheka na sisi wawili, na yeye bibi amebaki yule yule wa karibu na kisima. Kisha akaeleza jambo lingine, bila kupandisha sauti. Tangazo la mwenyekiti lilipopita, alikuwa amebakiwa na unga wa kusonga mara moja tu. Mgeni hapewi kiazi. Akaufunga kwenye kitambaa, akauweka juu darini, mjukuu akaulilia siku mbili, hakumpa.

"Uliniuliza kwa nini hakula," alisema. "Wewe ndiye uliyekula."

Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Dodoso halikuwa na swali la kwa nini. Sikumwambia hivyo. Mtoto alikuja akakaa pembeni ya sinia, akachukua kiazi, akanipa nusu.

Nilikula. Bibi alikaa akinitazama hadi nikamaliza, na kila nilipopunguza mwendo alisukuma sinia kwangu. Nilikula viazi, boga, mihogo na dagaa hadi mkanda ukanibana na pumzi ikawa fupi. Mwisho akaninawisha mikono kwa maji ya kata, kwa heshima zote anazopewa mgeni, akanisindikiza hadi kisimani.

"Ukifika kwenu wakikuuliza bibi yule alikupa nini," alisema, "waandikie kama ulivyoniandikia mimi."

Akageuka akarudi kwake. Msimamizi wangu nilimwonea kiburi mwezi mzima, nikijiona fundi wa kisasi, kumbe fundi alikuwa amekaa benchi la nyuma, mikono magotini, anangoja unga mpya.

Nilifika Shanwe jua likiwa bado juu. Mama mwenye duka alikuwa anapakua ugali na maharage kwa watu wa nyumbani kwake, akaniita nikae, akaniuliza kama nimekula huko nilikotoka. Tumbo lilikuwa limenijaa hadi kooni.

Nikamwambia sijala.